Lugha Niliyoificha Kinywani

Ipo asubuhi moja ya mvua, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani ardhi inifunike. Ilikuwa hapa hapa Bunia, katika kanisa letu la mtaa wa Ngezi, nami nilikuwa msichana mwenye nguvu, mwenye sauti ya kuomba iliyofika barabarani, na mwenye kitu alichopewa na Mungu ambacho alikuwa amekificha asikijue mtu. Keti nikusimulie. Simu iweke kando kidogo, haitakukimbia.

Juzi ulipoombwa uwafundishe watoto wa Jumapili kupiga kinanda, nilikusikia ukijibu kwamba wewe si mtu wa kuonekana, wako wengine wanaojua kukupita. Watu wakakusifu kwa unyenyekevu. Mimi nilinyamaza, si kwa sababu nilikubali, bali kwa sababu vazi hilo nalijua. Nimelivaa mwenyewe, na lilinipendeza sana machoni pa watu.

Baba yangu alitoka Butembo akiwa kijana akaenda kufanya biashara Bule, huko Djugu. Alikuwa akileta chumvi, sabuni na mafuta ya taa, akinunua maharage na viazi. Mimi nilizaliwa nyuma ya duka hilo. Nyumbani tulisema Kinande, dukani Kiswahili, na nje nilikuwa na rafiki mmoja, Mave, ambaye sikuweza kupitisha siku bila kumwona. Mama yake Mave alitukalisha jikoni kwake tukimchambulia maharage. Nilipokosea neno la lugha yao alinigusa begani kwa mwiko, akalirudia polepole, nami nikalirudia, mpaka likakaa sawa. Hakuna aliyesema ananifundisha, wala mimi sikujua kwamba najifunza. Nilipofika umri wa kusimama mlangoni mwa duka, akina mama wa soko walikuwa wakinitania, wananiuliza ni ukoo gani wa pale uliomzaa mtoto huyu wa Mnande. Baba alicheka. Alisema Mungu amenipa ulimi wa pili, na wa kwanza bado haujachoka.

Halafu siku zikabadilika. Habari za vita sitakusimulia, walioviona hawapendi kuvirudia na wasioviona hawawezi kuvielewa. Nitakuambia hili tu, kwamba ulifika wakati ambapo mtu alitambuliwa kwa salamu yake, na salamu ikiwa si ya upande unaotakiwa, basi. Tuliacha duka na mlango wake, tukaja Bunia. Jioni ya kwanza katika nyumba ya kupanga, baba aliniita nikae mbele yake.

"Masika, ile luga ya Bule, iache kule kule Bule," aliniambia. "Hapa usiiseme ku soko, usiiseme ku maji, hata ukisikia mutu anakutukana nayo, jifanye hausikie. Ulimi uliponza kichwa."

Usimhukumu baba. Hakuwa mwoga, alikuwa na watoto. Nami nilimtii kuliko alivyotaka. Nikisikia wanawake wawili sokoni wanaongea lugha ile kwa sauti ya chini, niliharakisha mwendo. Mtu akiniuliza nimekulia wapi, nilijibu Butembo, mji ambao sikuwa nimeuona. Polepole nikaanza hata kujisifu moyoni kwamba nimeokoka na jambo lile. Ajabu ya mwanadamu ni kwamba anaweza kuficha kitu kwa hofu, kisha baada ya muda akasahau hofu na kuita kule kuficha busara.

Katika kanisa la Ngezi niliingia kikundi cha waombezi. Tulikuwa akina mama na wasichana, na kiongozi wetu alikuwa Mama Zawadi, mwanamke mwenye moyo mpana, ambaye chakula chake hakijawahi kuliwa na watu wa nyumba yake peke yao. Nilikuwa kijana kupita wote na nilipenda kusikika. Nilipofungua kinywa kuomba, watu walisema binti huyu ana kipawa. Nami nilikubali. Kipawa walichokiona kilikuwa sauti, na sauti haikunigharimu kitu.

Wakati huo watu walikuwa wakiingia mjini kila siku kutoka upande wa Djugu, vichwani magodoro, migongoni watoto. Kanisa lilifungua darasa lililokuwa nyuma ya uwanja, akapokelewa kila aliyefika. Wengi walikaa siku chache wakapata ndugu zao wakaenda. Akabaki mama mmoja mzee, peke yake. Aliletwa na lori pamoja na watu wasiomjua, nao walishuka wakatawanyika. Kiswahili hakukijua, ila neno la kuomba maji na neno la salamu. Mtaani kwetu wenye lugha yake walikuwa wamehama kwa usalama wao, na kama walikuwapo waliobaki, walikuwa wamefunga vinywa kama mimi.

Mama huyo hakutulia. Alikuwa akimshika mtu mkono wa nguo, anamwonyesha barabara, anasema maneno mengi kwa haraka. Akiachwa, anamshika mwingine. Mvua ikinyesha ndipo alipozidi. Alitoka nje akasimama njiani akawazuia wenye pikipiki, akawashika usukani, nao wakamtukana au wakamhurumia kila mmoja kwa tabia yake. Wengine walisema huzuni imemharibu kichwa. Wengine walisema ni roho, maana anasema yale yale, yale yale, kama kitu kinachomsukuma kutoka ndani.

Mimi nilijua anachosema. Nilikijua tangu siku ya kwanza, nilipopita na ndoo yangu ya maji akanishika mkono. Alisema: "Mtoto nimemwacha kwa mwanamke anayeanika mihogo, pale penye daraja la magogo. Ana homa. Nimemwambia nitarudi kesho. Nipelekeni, nimemwambia kesho." Nikautoa mkono wake taratibu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole, mama," nikaenda na maji yangu.

Mwanangu, unaniangalia hivyo. Niangalie tu.

Ndipo ikafika ile asubuhi. Mama Zawadi alisema hatuwezi kumwacha mtu ateseke uani kwa Mungu, twende tumwombee afunguliwe. Nia yake ilikuwa safi, nakuapia. Tulimkalisha mama yule katikati ya kanisa, kwenye kigoda, tukamzunguka, tukaweka mikono juu yake. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, kiganja changu begani kwake. Bega lilikuwa mfupa mtupu chini ya kikwembe, kitambaa alichojitanda. Mvua ilipiga mabati.

Alipotuona tumemzunguka sote, tumeinamisha vichwa, alidhani hatimaye watu wamekaa kumsikiliza. Akaacha haraka yake. Akaanza kusimulia kwa utaratibu kama mtu aliyepewa nafasi mbele ya wazee: jinsi walivyotoka, jinsi mama wa mtoto alivyobaki nyuma, jinsi mtoto, mjukuu wake, jina lake Ngabu, alivyoungua kwa homa mgongoni mwake mpaka miguu yake ya kizee ikakataa, jinsi mwanamke wa mihogo alivyomwambia muache hapa kwangu, tafuta msaada, urudi. Alitaja daraja. Alitaja rangi ya mlango. Na juu ya maneno yake Mama Zawadi alipaza sauti akiamuru kile kinachosema kwa lugha isiyojulikana kimtoke mama huyu, na kila alipovuta pumzi sisi tuliitikia Amina.

Nami niliitikia. Niliitikia kwa sauti ile ile waliyoisifu. Nilikuwa nasikia kila neno na nikaitikia Amina.

Tulipomaliza, alilia. Alishuka kwenye kigoda akapiga magoti, akaanza kutushika mikono mmoja mmoja, akiviweka viganja vyetu kwenye paji la uso wake. Alipofika kwangu alisema, na haya nayasikia mpaka leo: "Mungu awalipe, kwa kuwa mmenisikia." Watu wakasema, mnaona, amefunguliwa. Na kweli kuanzia hapo alitulia. Hakumshika mtu tena. Kesho yake alifua kikwembe chake, akajifunga vizuri, akakaa kwenye mlango wa uwanja wa kanisa akitazama barabara. Alikuwa anangoja tumletee mtoto, kwa sababu alikwisha kutueleza aliko. Sisi tukauita utulivu ule ushuhuda.

Siku ile ile aliyokuwa amekaa mlangoni, nilikuwa nikifagia kanisa, akaingia Muzee Yoeli. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, fundi wa paa, mtu wa maneno machache, na goti lake moja halikukunjika vizuri tangu alipoanguka kazini. Aliketi kwenye benchi ya mbele, akanyoosha mguu.

"Masika."

"Karibu, muzee."

"Ile mama ku mulango, iko nangoya nini?"

"Sijue, muzee."

"Sikukuuliza kama unajua. Nimekuuliza iko nangoya nini."

Fagio likanyamaza lenyewe. Yeye aliendelea, bila kunitazama, akitazama paa kama anatafuta mahali panapovuja.

"Miye nilifikaka Bule zamani, kupandisha mabati ya kanisa. Kila asubui nilionaka kabinti kamoja ku mulango ya duka, kanacheka na bamama ya soko mu luga yao. Nikauliza, kale ni ka nani? Bakaniambia, ni ka ule Munande ya chumvi. Mungu amekapa. Sasa ile siku ya maombi nilikuwa nyuma, pale ku dirisha. Nilikuona. Weye ulikuwa unalia kabula mama mwenyewe hajalia."

Nilikaa sakafuni. Nilimwambia neno moja tu, neno la kweli. "Niko naogopa, muzee."

"Njo," alikubali kwa kichwa. "Na ule mutumishi ya mufano, mwenye alifukiaka talanta, alisema vile vile: niliogopa." Akapumua. "Lakini ule alifukia pembeni, pahali hakuna mutu alikuwa analia. Weye umefukia yako mbele ya mama mwenye kulia. Na juu yake umetia Amina."

Nilisema kwamba watanijua, kwamba baba ana watoto wengine, kwamba mtaa huu una macho. Nilitaka aniambie hakuna hatari. Hakuniambia hivyo, na ndiyo maana namheshimu mpaka kesho.

"Batakujua, njo," alisema. "Miye sina nguvu tena ya kuzuia mutu. Lakini nitasimama karibu yako, banione na miye." Kisha akaniuliza, kwa upole wa kwanza tangu aingie: "Ile luga, nani alikupa?"

"Ni Mungu, muzee."

"Kwa mukono ya nani?"

Nikamwona mama yake Mave na mwiko wake. Nikaona jiko lile, maharage mapajani, na jinsi alivyonigusa begani na kulirudia neno mpaka nilipate. Watu wa mama huyu mzee ndio walionipa kitu ambacho mama huyu mzee alikuwa ananyimwa. Hapo ndipo nililia vizuri, kilio cha sauti, kisichokuwa cha kuonekana.

Tukatoka. Akina mama walikuwa uwanjani wakigawana sombe, majani ya mihogo ya kupika, Mama Zawadi kati yao. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikachuchumaa mbele ya mama yule, nikamsalimia kwa lugha yake, salamu kamili, ile ya mtoto kwa mkubwa. Nilisikia nyuma yangu mazungumzo yakikatika. Muzee Yoeli alikuja akasimama kando yangu na goti lake bovu, kofia mkononi.

Mama yule alinitazama usoni muda mrefu. Akaweka mikono yake miwili kwenye mashavu yangu. Nilitegemea anibariki, au anipige. Aliniuliza tu: "Ulikuwa wapi?"

Hakuwa ananilaumu. Hakukumbuka sura yangu kati ya wale waliomzunguka, alidhani nimefika sasa hivi kutoka mbali. Aliuliza kama unavyomuuliza mgeni uliyemngoja sana. Mpaka alipokufa sikuwahi kumjibu swali lile kwa ukamilifu wake, ingawa nilimwomba msamaha mara nyingi, naye kila mara alinikatiza akaniambia nikoroge uji.

Nilipoanza kuwaambia watu kwa Kiswahili anachongoja, likasikika beseni kuwekwa chini. Mama Bahati, muuza sombe, jirani yetu wa nyumba ya pili ambaye nilijua ni mtu wa Kisangani kwa kuwa ndivyo alivyosema, alikuja akachuchumaa pembeni yangu akaanza kuongea na mama mzee, lugha ile ile, bila kukwama. Hatukutazamana. Alikuwa mwombezi mwenzangu. Alikuwa ameshika bega la kulia.

Mama Zawadi aliniuliza, "Na siku ile tulikuwa tunamuombea, alikuwa anasema nini?" Nikamwambia yote, mpaka lile la mwisho la kushukuru kwamba tumemsikia. Mama Zawadi alikaa kwenye ngazi ya kanisa akafunika uso kwa kikwembe. Hakuna aliyenigombeza. Ningependelea wangenigombeza.

Mkwe wa Muzee Yoeli alikuwa na pikipiki. Aliondoka saa ile ile na kijana mmoja anayeijua njia. Walirudi kabla ya giza, peke yao. Daraja la magogo walilikuta. Nyumba yenye mlango ule waliikuta, umefungwa kwa kamba, na mkeka wa mihogo mlangoni umeloa, mihogo imeota ukungu. Mzee mmoja mchungaji wa mbuzi aliwaambia kijiji chote kilikwisha kukimbia, lakini mwanamke yule alikuwa amekataa, akisema ameachiwa mtoto wa watu na mwenyewe amesema atarudi. Alingoja mpaka milio ya risasi ikasikika karibu. Akamfunga mtoto mgongoni akaenda, upande gani mzee hakujua. Alikuwa ameondoka jana yake.

Jana yake, mwanangu. Siku tuliyomwombea bibi yake mtoto, mlango ule ulikuwa bado wazi.

Wanasema kawia ufike. Ni methali nzuri kwa wenye safari zao. Mimi nilikawia katika safari ya mwingine, na nilifika nikakuta mihogo yenye ukungu.

Mama mzee, jina lake Lotsove, nilimchukua nyumbani kwetu. Tulimwita Koko, kama tunavyowaita wazee wetu wa kike hapa. Baba alirudi jioni akamkuta jikoni, akasimama mlangoni. Nilingoja ghadhabu yake. Alivua kofia, akamsalimia kwa lugha ile, Kibule chake kibovu cha dukani, cha bei ya chumvi. Koko akacheka kwa mara ya kwanza. Na usidhani hatukulipa. Walikuwapo walioacha kutusalimu. Siku moja jiwe lilitua juu ya bati. Baba alitoka akalitazama, akaliweka kando ya mlango, likawa la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Liko kwangu mpaka leo, ni lile ulilojikwaa ulipoingia.

Tulituma habari katika makanisa, kwa madereva, kwa kila mtu anayesafiri. Miaka ikapita. Koko alizoea nyumba, akanifundisha maneno ambayo mama yake Mave hakufikia kunifundisha. Lakini kila mvua ilipoanza alikuwa anasimama.

Kisha siku moja, mchana, alikuja mwanamke mlangoni kwetu, miguu imejaa vumbi, ameshikana mkono na mvulana aliyekwisha kuanza kuota meno makubwa. Alikuwa ameulizia kanisa hadi kanisa. Alikuwa amezunguka na mtoto huyo kambi hadi kambi, amemlisha, amemtibu, amemnyoa, na tangu barabara zilipotulia alikuwa akimtafutia mwenyewe. Tulimuuliza kwa nini hakumfanya wake, maana hakuna ambaye angemuuliza. Alishangaa swali lenyewe.

"Huyu si wangu," alisema. "Niliachiwa."

Neno hilo moja, mwanangu, limenifundisha kuliko mahubiri yote niliyoyasikia na yale niliyoyahubiri. Aliachiwa kwa siku moja, akatunza kwa miaka, akarudisha akiwa mzima. Sijui kama alijua kusoma. Wala sikumuuliza.

Koko alitoka jikoni na mikono ya unga. Alimwita mtoto jina lake. Akamwambia maneno mengi, maneno aliyoyatunza miaka yote hiyo, nami namjua, nilijua alikuwa akiyapanga kila mvua. Mtoto alijificha nyuma ya kikwembe cha mwanamke wa mihogo. Hakuelewa hata neno. Aliondolewa kwao akiwa mdogo, amekulia kambini kati ya watu wa kila kabila, ambako hata mwanamke wa mihogo hakuthubutu kuisema lugha ile, na lugha aliyobaki nayo ni Kiswahili tu.

Wakanitazama wote wawili, bibi na mjukuu. Basi nikakaa katikati yao, kwenye kigoda.

Koko aliniambia, "Muulize, homa imepona?"

Nikamuuliza mtoto.

"Homa gani?" akasema.

Ningeweza kumpambia Koko jibu tamu. Lakini nilikwisha kula kiapo na kinywa changu. Nikamwambia vile vile: "Anasema, homa gani."

Koko alijishika mashavu. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, machozi yakipita kwenye unga. "Basi," alisema, "imepona."

Waliishi pamoja miaka mizuri, na Ngabu alijifunza lugha ya bibi yake nusu nusu, ya kuomba chakula na ya kutania. Mambo mazito yalipitia kwangu. Hata siku Koko alipokuwa anaaga dunia, maneno yake ya mwisho kwa mjukuu wake aliniambia mimi, nami nikamwambia mtoto. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nilimlea, nilimpeleka shule, na nilipomwona akimsikiliza bibi yake kwa kutazama kinywa changu, nilijua bei ya Amina yangu. Sikuja kulipa mimi peke yangu. Walilipa wao.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, halafu nikuache urudi kwenye simu yako.

Kipawa si mapambo yako. Ni mali ya Mwenyewe, na mara nyingi kina jina la mtu anayekingojea. Wewe hujui jina hilo. Labda kati ya watoto wale wa Jumapili yuko mmoja ambaye hataongea na Mungu kwa maneno, ataongea kwa vidole, na vidole vyake vinakungoja wewe. Unaposema wako wengine wanaojua zaidi, kumbuka kwamba Mama Bahati naye alikuwa anasema vivyo hivyo moyoni, huku kashika bega la pili. Kila mmoja wetu alimngoja mwenzake, na katikati yetu mtu alikuwa anaangamia.

Usiseme naogopa kana kwamba ni dhambi. Si dhambi. Mimi mpaka leo naogopa, kila ninapokwenda kwenye kambi kuwatafsiria wagonjwa na kumwona mtu ananipima kwa macho. Dhambi ni kuipa hofu jina zuri. Iite hofu kwa jina lake, kisha mtafute mtu wa kusimama karibu yako, hata mwenye goti bovu. Na kama humpati wa kusimama karibu yako, basi simama wewe karibu ya mwenzako.

Wala usidhani akiba haiozi. Ya unga labda. Kipawa kilichowekwa kikingoja siku salama huota ukungu kama mihogo ile, na mficha uchi hazai. Kitumie kikiwa bado kibichi, ukikosea utaguswa begani kwa mwiko, utarudia. Na usikipambe. Ukipewa neno la kupeleka, lipeleke lilivyo, hata kama ni "homa gani."

Zaidi ya yote, chunga Amina yako. Usiitoe kwa jambo ambalo moyo wako unajua sivyo, hata kama kanisa zima linaitikia.

Inuka sasa. Lete kichwa chako hapa. Mungu aliyekuachia vidole hivyo akukumbushe kila asubuhi kwamba uliachiwa. Akupe watu wa kukugusa begani na akupe bega la kuguswa. Na siku utakapofika mbele zake, asikuulize ulikuwa wapi. Akukute ukiwa kazini, na mikono yenye unga.

Nenda. Na ukitoka, angalia lile jiwe.